Spika ya Upande wa Mawese

Ninyi mnaoweka spika mlangoni mwa saluni na kuigeuza uso barabarani, ninyi wa alimentasyo, yale maduka ya vyakula, na ninyi wa hoteli za ufukweni mnaowapigia wageni muziki mpaka mukeke wa kwenye sahani anataka kurudi ziwani, njooni mkae hapa kidogo. Sitawatukana. Kazi hiyo niliifanya kabla yenu, na nimeiacha kwa sababu masikio yamechoka. Mdomo bado mzima.

Mimi nilikuwa mtu wa sono wa soko la hapa Rumonge. Sono, kwa asiyejua lugha yetu, ni mitambo ya muziki. Nilikuwa na kibanda cha mbao, amplifaya moja iliyokuwa inapata homa kila mchana, na spika nne zilizotundikwa kwenye nguzo: moja upande wa samaki, moja upande wa nguo, moja penye ndizi na mihogo, na ya nne upande wa mawese, pale akina mama wanapopanga bidon zao za mafuta. Kati ya wimbo na wimbo nilikuwa natangaza mtoto aliyepotea, funguo zilizookotwa, mbuzi aliyeingia kwenye duka la watu. Watu waliniita Baba Yusufu wa Sono, na mke wangu alikuwa akisema kwamba nyumbani nako ningewekewa kitufe cha kuzimia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Shabani, fundi wa redio, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza nilikuja na kaseti zangu nzuri nzuri, nikafungua sauti mpaka mwisho, nikatazama kama watu wanafurahi. Mzee Shabani alikuja akapunguza bila kunisalimia.

"Weye unapigia nani?" akaniuliza.

"Napigia watu wa soko, Mzee."

"Watu wa soko hawakuja kusikiliza muziki. Wamekuja kununua ndagala. Muziki ya soko ni kama chumvi mu mboga. Mutu akiitaja, ujue umezidisha."

Halafu akanishika mkono tukazunguka soko zima. Nilidhani tutaangalia waya, kumbe alikuwa anaangalia miguu ya watu. "Uso wa mutu unadanganya," akasema, "anaweza kucheka na iko na shida. Miguu haijui kudanganya." Mwenye haraka utaona kisigino hakigusi chini. Mwenye hasira anasimama ameipanua miguu kama anangoja kusukumwa. Mwenye raha anasimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameupumzisha juu ya wa kwanza. Ukiona soko zima limesimama kwa mguu mmoja, usibadilishe kitu, hata kama wimbo umekuchosha wewe.

Mpaka leo nikiingia mahali naangalia miguu kwanza. Wakwe zangu walidhani nina aibu.

Basi nikajifunza. Asubuhi samaki wanapopanda kutoka ufukweni, weka gitaa zinazotembea, siyo zinazokimbia. Hilo nililijua kwa gharama ya ndagala, dagaa wa watu. Niliwahi kuweka muziki wa Kikongo, ule ambao katikati gitaa zinaachiwa zifanye zinavyotaka, saa ile ile akina mama wanapita na mabeseni kichwani. Mama mmoja mnene mwenye heshima zake, mke wa katekista, kiuno kikamsaliti. Beseni likaenda upande mmoja, yeye upande mwingine, na kuku wa soko lote wakapata sikukuu. Alinijia kibandani na ndagala kwenye nywele, nikamwomba radhi, akaniambia, "Radhi nimekubali, lakini ule wimbo unaitwa aje?"

Mchana jua likiwa kali, shusha sauti na uchague nyimbo ndefu za polepole, maana mtu mwenye njaa na joto akipigiwa tarumbeta anatafuta wa kugombana naye. Mvua ikianza kupiga mabati, zima kabisa, usishindane na mvua. Kabla ya adhana zima mapema, usingoje mwadhini akufikie, na kengele ya kanisa nayo ipe nafasi yake. Penye watu wanaopigiana hesabu weka muziki usio na maneno, kwa sababu maneno ya wimbo yanaingia katikati ya hesabu na kuitoa njiani. Na spika usiielekeze usoni mwa mtu. Igeuze ukutani, sauti igonge ukuta kwanza, imfikie ikiwa imepoa. Mimi upande wa mawese nilikuwa nafunga spika yenyewe kwa kipande cha kitenge. Watu wakadhani ni pambo.

Kaseti zilikuwa na kazi yake. Ukizisahau juani utepe unalegea, mwimbaji anaanza kuimba kama amelewa. Kulikuwa na mzee wa Muhuta aliyependa zaidi zile zilizolegea, akisema ndizo zinazomwelewa. Baadaye zikaja sidii, halafu flashi, na sasa ninyi mna nyimbo za dunia nzima ndani ya simu. Vizuri. Lakini simu inajichagulia wimbo unaofuata, na simu haioni miguu.

Sasa nataka kuwaambia habari ya spika ile ya nne, upande wa mawese. Hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi kuliko Mzee Shabani mwenyewe.

Ninyi mmezaliwa mkakuta mambo yametulia, lakini mnajua wazazi wenu walikotoka. Wengine walikaa hapa hapa miaka yote. Wengine, wakati wa mauaji, walikimbia Burundi hii wakaenda Tanzania wakiwa watoto migongoni mwa mama zao, wakakulia kule, wakarudi watu wazima, wakakuta mashamba ya baba zao yana watu. Penye michikichi ndipo palipouma zaidi, kwa maana mchikichi ni mali, hauhami. Mara nyingi waliotumwa kuamua waligawa shamba katikati: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyekuwepo. Kila mmoja akabaki anatazama nusu ya mwenzake.

Mama Neema alirudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kile kilichopigwa pasi. Alipewa nusu ya shamba la baba yake, njia ya Kigwena. Nusu ya pili ilibaki kwa Deo na mke wake Goreti, watu waliolilima tangu waoane. Deo hakuwa mnyang'anyi. Alipewa lile shamba na wakubwa wa wakati huo, akalitunza kama mtoto. Na Mama Neema naye hakuwa mnyang'anyi. Kaburi la babu yake liko mle. Ndiyo maana ugomvi wao ulikuwa mgumu, hakuna aliyekuwa mbaya.

Na kama haitoshi, sokoni wakapangwa meza mbili zinazogusana. Hawakusemezana. Hata mteja akimwomba mmoja chenji, atamtuma mteja mwenyewe aende kwa mwenzake, shingo ikiwa upande.

Siku moja Mama Neema akaja kibandani kwangu na kaseti zimefungwa kwenye leso. Nyimbo za dansi za Tanzania, za zamani.

"Baba Yusufu, shikamoo. Naomba uniwekee hizi hata kidogo. Nikizisikia najiona niko nyumbani."

Nikamtania. "Marahaba, mama. Nyumbani si ulisema ni hapa?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Ndiyo hapa. Lakini masikio yangu hayajarudi."

Nikaweka. Nyimbo zilikuwa tamu, na upande wa mawese ukabadilika. Warejeaji waliokuwa wanapita mbali wakasogea, mabega yakashuka, wakamnunulia Mama Neema. Nami nikafurahi, nikajiona daktari. Kisha Goreti akaja, mikono kiunoni.

"Baba Yusufu, amahoro. Hii soko iko Kigoma?"

"Iko Rumonge, mama."

"Sasa mbona wateja yangu wanapita kama wamekosea njia? Weka na za kwetu. Weka inanga, zeze yetu, weka kwaya, weka Kirundi. Na sisi tuko na masikio."

Alikuwa na haki. Nikaweka za Kirundi, na mara waliokuwa wanapita wakasimama kwa Goreti, na wale wa Mama Neema wakakumbuka kwamba wana safari. Hapo nilielewa jambo ambalo halikuwa kichwani mwangu. Muziki wa mahali pa watu wengi hauleti furaha tu au huzuni. Unamwambia kila anayeingia: hapa ni kwenu, au: hapa umekuja kwa watu. Na anayeambiwa amekuja kwa watu hatakuuliza kitu, atapita tu.

Nikaamua kuwa mtu wa haki. Wimbo mmoja wa huku, mmoja wa kule. Haki yangu ikaleta balaa. Wale wanawake wakaanza kunihesabia. Goreti akawa anatupa kokwa ya mchikichi kwenye kikombe kila wimbo wa Mama Neema unapopigwa, na Mama Neema naye akatafuta kikombe chake. Jioni wananiletea vikombe nivitazame. Nilijaribu muziki wa Kihindi usio wa mtu yeyote, wakaungana kwa mara ya kwanza, wote wawili wakakunja uso.

Deo, mume wa Goreti, ndiye aliyekuwa anapita katikati yao bila shida. Alileta bidon kwa baiskeli kila asubuhi, anamsaidia mkewe kushusha, na akiondoka anamsalimia Mama Neema, "Jirani, amahoro." Mama Neema anaitikia akiangalia mafuta yake.

Siku Deo alipoanguka ilikuwa siku ya soko, kabla ya mchana. Alikuwa juu ya mchikichi anakata mikungu ya chikichi, mkanda wa kukwelea ukakatika. Mkwezi mzoefu vile. Aliyeleta habari alikuja anakimbia kutoka njia ya Kigwena, akamwita Goreti pembeni, na hatukusikia alichosema. Tuliona tu Goreti anakaa chini, polepole, juu ya mchanga, na akina mama wanamzunguka na vitenge. Wakambeba wakaenda naye. Deo alikuwa amekwisha kufa.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kibanda sijui nifanye nini. Mara nikamwona Mama Neema anakuja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki njiani.

"Zima, Baba Yusufu! Zima!"

Ndipo niliposikia kilichokuwa kinapigwa. Ilikuwa zamu yake. Zilikuwa zinalia nyimbo zake za dansi, za furaha, juu ya meza ya mwanamke ambaye mumewe ameanguka sasa hivi. Na mchikichi wenyewe, tulikuja kujua, ulikuwa ule wa mpakani, unaogusa nusu zote mbili.

"Watasema nafurahi," akasema. "Baba, watasema mimi nafurahi." Halafu akashika nguzo ya kibanda changu akalia, akalia vibaya sana, akasema, "Kila siku alinisalimia, mimi hata uso sikumpa."

Nikazima soko zima. Shefu, mkubwa wa soko, akaja kuuliza kuna nini. Alikuwa mtu mzuri, lakini alipenda mambo yaende.

"Baba Yusufu, soko bila muziki ni kilio."

"Shefu," nikamwambia, "kwani leo si kilio?"

Akavua kofia akaenda zake. Kesho yake tukaelewana: spika tatu zitalia, kwa sauti ya chini, ya upande wa mawese nitaitoa waya mpaka Goreti amalize kilio chake. Kwetu aliyefiwa hashiki kazi mpaka ndugu wamwondolee kilio, na mimi niliona basi na mahali pake pa kazi pakae naye.

Wanangu, kama hamjawahi kunyamazisha mahali palipozoea muziki, hamjui muziki unafanya nini. Upande wa mawese watu wakaanza kusema kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Mafuta yakimiminwa yanasikika. Lakini na maneno yakasikika. Nilisikia yaliyokuwa yanasemwa: kwamba mkanda haukatiki wenyewe, kwamba waliotoka kule wamejifunza mambo, kwamba mwenye nusu huitamani nzima. Lisemwalo lipo, wakasema, na walilisema karibu na meza yake makusudi.

 Mama Neema alikuja kila siku. Muuza sabuni mmoja alipotaka kuihamia meza ya Goreti, Mama Neema alitandika kanga yake juu ya ile meza akasema ina mwenyewe. Ikawa kosa jingine. "Mnaona? Sasa anachukua na meza." Nilimwonea huruma hadi nikatamani kurudisha muziki ili tu asisikie. Nikauacha waya ulivyo. Kilio hakikuwa cha kwangu kukikatiza.

Goreti aliporudi, amekonda, amenyoa nywele, kitu cha kwanza alichokiona ni ile kanga juu ya meza yake. Soko likasimama. Mimi nikaangalia miguu: kila mtu amepanua. Mama Neema akainuka, akaikunja kanga, akaitia kwenye kikapu chake, akakaa.  Goreti akafuta meza kwa kiganja, akakaa naye. Wakawa hivyo siku nyingi, wamekaa bega kwa bega, hawatazamani, bila hata muziki wa kuwafichia ukimya wao.  Niliogopa Goreti ameyaamini yale maneno. Akiyaamini, basi yamekwisha kuwa kweli, na kwa shamba lile watakuja kuuana, watoto wa huku na watoto wa kule.

Asubuhi moja akaja kibandani.

"Baba Yusufu, ile spika ya kwetu ilikufa?"

"Haikufa, mama. Niliitoa waya."

"Kwa sababu ya mimi?"

"Kwa sababu yako. Lakini siku ile ya Deo, aliyekuja kuniambia nizime ni mwenzako."

 Kibandani hakuna kiti cha mgeni, alikuwa ameegemea mlango.

"Alisema nini?"

"Alisema watu watafikiri anafurahi. Halafu akalia."

"Alilia kwa woga ao alilia kwa Deo?"

Ningeweza kumpa jibu tamu. Nikamwambia nililoliona. "Sijui, mama. Nadhani vyote viwili. Alisema Deo alikuwa anamsalimia kila siku na yeye hakumpa uso."

Goreti akatazama chini. "Deo alikuwa ananiambia, Goreti, yule mama iko na kaburi ya babu yake mule, usimunyime salamu. Mimi namwambia, nyamaza, kula." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Yale maneno ya mu soko nimeyasikia yote. Wananiletea mpaka nyumbani. Huo mukanda mimi mwenyewe nilimwambia Deo abadilishe, umezeeka. Akasema kesho."

Nikapunguza sauti ya zile spika tatu. Yeye ndiye aliyekuwa na neno.

"Rudisha waya," akasema. "Uanze na nyimbo zake."

"Za Mama Neema?"

"Zake. Na useme mu mikro, useme kabisa, kama ni mimi nimeomba. Useme jina yangu. Mimi muke wa Deo."

Kipaza sauti siku hiyo nilikishika kwa mikono miwili. Nikasema: wimbo huu umeombwa na Goreti, mke wa marehemu Deo, wa upande wa mawese. Anamwombea jirani yake, Mama Neema. Nikalirudia tangazo mara ya pili, polepole, ili na wale wa upande wa samaki wasiseme hawakusikia. Kisha nikaweka.

Goreti alikuwa hajafika mezani wimbo ulipoanza. Nilimwona Mama Neema anashusha chupa aliyokuwa anaijazia mteja, anajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Mteja amesimama na kifuniko mkononi hajui aende au abaki. Watu wamegeuka wote. Goreti akapita katikati yao, akafika, akakaa mahali pake, akasogeza kiti kidogo.

"Mama Neema," akasema, "mafuta yako yataingia vumbi, na muteja iko anangoja."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa yule mwanamke tangu siku shamba lilipogawanywa. Mama Neema alikuwa bado amejifunika kanga. Goreti akangoja kidogo, akaona bado, basi akanyoosha mkono, akaichukua ile chupa ya mwenzake, akaijaza mpaka juu, akampa mteja.